Uwanja wa Mawe Nyuma ya Nyumba ya Amparo

Mliokuwa nami wiki iliyopita mnajua niliishia wapi: nimesimama katikati ya ukumbi wa kanisa, mkono juu, watu wote wamegeuka kunitazama.

Kwa waliochelewa, nafupisha. Mimi ni Wenceslao Quezada. Watu huniita Wences, na wakikasirika huniita majina mengine. Ni mzaliwa wa Selma, California, mji wa zabibu kavu na wa jua la kuzikausha. Nilikuwa fundi wa matairi mpaka siku niliposahau kukaza nati za gurudumu la gari la bosi wangu mwenyewe. Bosi alipona. Kazi yangu haikupona. Chumba cha kupanga nacho kikanitoka, nikahamia kwenye gereji ya binamu yangu Evelio, nikawa nalala kati ya mashine ya kukatia majani na makopo ya rangi.

Jumapili ile, baada ya misa, tulikuwa tunakula ukumbini. Mama mmoja aliyekuwa anapakua chakula akauliza kwa sauti:

"Jamani, kuna mtu hapa anajua kutengeneza sakafu ya zege ya chapa? Ile inayopigwa mihuri mpaka ikafanana na mawe?"

Mimi hata sikumsikia. Niliinua mkono kuomba niongezewe maharage.

"Mungu mkubwa!" yule mama akasema. "Kumbe fundi tunaye humu humu."

Mtu mwenye akili zake angejibu, samahani mama, mimi shida yangu ni maharage. Lakini nilimtazama usoni, nikaona jinsi alivyofurahi, na kitu kikanishika ulimi. Nikashusha mkono taratibu.

"Unataka mawe ya namna gani?" nikamwuliza.

Ndivyo nilivyokuwa fundi wa zege.

* * *

Jina lake Amparo Villaseñor, mpishi wa shule, mjane, mwenye mikono ya kazi na macho ambayo yakikutazama unajikagua vifungo vya shati. Kesho yake alinipeleka nyuma ya nyumba yake. Palikuwa na udongo mtupu, uzio wa mbao, na geti lililofungwa kwa mnyororo.

Kabla hajanieleza lolote, mzee mmoja alitoka jikoni. Kofia kichwani, koti mwilini, fimbo mkononi, na jua lile! Akaenda moja kwa moja getini, akaanza kuutikisa mnyororo.

"Baba, unakwenda wapi?" Amparo akamwuliza.

"Uwanjani. Wenzangu wananisubiri."

"Uwanja gani, baba?"

"Mama, wewe ni mgeni hapa? Kijiji chote kina uwanja mmoja."

Huyo ndiye Don Cuco, baba yake. Amparo alimleta kutoka kijijini kwao, Tepozán ya Juu, kule Zacatecas, Mexico, baada ya mama yake Amparo kufariki. Mzee alifika Selma kwa mwili tu. Akili ilibaki kijijini. Kila jioni huko kwao wanaume walikuwa wanazunguka uwanja wa mawe mbele ya kanisa, wanapiga soga, na kila jioni hapa Don Cuco alikuwa anautafuta uwanja ule. Ameutafuta kwenye mashamba ya mizabibu. Ameutafuta kwenye reli. Mara ya mwisho polisi walimkuta ukingoni mwa barabara kuu, malori yanapita, naye anayapungia kofia.

"Dada yangu Nélida yuko Sacramento," Amparo akaniambia. "Ameshasema. Baba akitoroka tena, anakwenda kwenye nyumba ya kulelea wazee, na yeye mwenyewe ndiye atakayekuja kumchukua. Mnyororo huu nao sitaki. Kumfunga baba yangu kama mbwa? Nikawaza, ikiwa yeye anautafuta uwanja, basi uwanja na uje hapa."

Akanionyesha picha ya zamani: mawe ya mviringo, kijivu na wekundu kidogo, yamepangwa mpaka kwenye ngazi za kanisa.

"Utaweza, Wences?"

"Mama, kazi hii naifanya nimefumba macho."

Haukuwa uongo mkubwa sana. Miaka mingi, siku zangu za mapumziko, nilikuwa dereva wa Evelio, ambaye kazi yake ni hizo hizo sakafu. Kila nilipomfikisha, nililala garini mpaka amalize.

* * *

"Umemwambia wewe ni nani?" Evelio aliniuliza.

"Fundi."

"Fundi wa nini? Wa kulala?"

"Binamu, nisaidie. Wewe fanya kazi, mimi nionekane."

"Yaani mimi, Evelio Quezada, niwe kibarua wako?"

"Asubuhi moja tu."

Alicheka mpaka akaketi juu ya ndoo. Evelio si mtu mnyenyekevu. Akipita barabarani na wewe atakuonyesha kila sakafu aliyoipiga, na zile ambazo hakuzipiga atakueleza zina kasoro gani. Lakini ana moyo.

"Sawa," akasema, akijifuta machozi. "Nakuja, kwa sababu nataka niione sura yako siku hiyo. Ila sikiliza. Zege halina subira. Mihuri ukiiweka mapema, inazama kama ng'ombe kwenye tope. Ukichelewa, unagonga mwamba. Katikati hapo kuna nafasi ndogo, na kwa joto la Selma, nafasi hiyo ni ndogo kama huruma ya bosi wako wa matairi."

"Nimekuelewa."

"Hujanielewa, lakini haidhuru, nitakuwepo. Kitu kimoja tu. Ukinidharau mbele ya huyo mama, naondoka."

"Mimi? Nikudharau wewe?"

Niliapa kwa jina la marehemu nyanya yetu. Nyanya naye alinijua; nadhani huko aliko alitikisa kichwa.

Maandalizi yalikwenda vizuri. Tulichimba udongo, tukamwaga kokoto, tukazishindilia kwa mashine mpaka vyombo vya Amparo vikagongana kabatini. Tukazungushia mbao pembeni, tukazilaza kidogo ili maji ya mvua yakimbie nyumba, tukatandika wavu wa nondo. Nasema tulichimba na tukamwaga. Mimi nilishika pima maji, na mara mbili niliishika kichwa chini.

Amparo alituletea juisi ya limau. Alinipa mimi kwanza, bosi, kisha Evelio. Evelio akainama kidogo na kusema, "Asante, mama. Bosi wangu ni mkali lakini ana haki." Nikajiona mtu mkubwa. Hapo ndipo mambo yalipoanza kuharibika, ingawa glasi ilikuwa bado ya baridi mkononi.

* * *

Lori la zege lilifika jua linachomoza. Dereva wake alikuwa mama mmoja mnene aitwaye Lorna, kofia ya kazi imebandikwa vibandiko vya kila timu ya mpira nchini.

"Mkubwa wa kazi nani?" akauliza.

"Mimi," nikasema.

Lorna akamtazama Evelio, ambaye alimfahamu miaka yote. Evelio akaikagua miti.

"Haya, mkubwa," Lorna akasema. "Nimwagie wapi?"

"Hapo," nikasema, nikionyesha mahali pekee palipokuwa na shimo.

Zege likashuka kwenye mfereji wa lori kama uji mzito. Evelio aliingia na mabuti ya mpira, akalivuta, akalisawazisha kwa ubao mrefu, akalilainisha kwa mwiko mpana wenye mpini kama wa kuangulia maembe. Maji yalipojitokeza juu, akasubiri yanyweke. Kisha akanyunyiza unga wa rangi kwa mkono, kama anayelisha kuku, akaulainisha, akanyunyiza tena. Nilikuwa namtazama mtu anayejua kazi yake. Ningenyamaza tu, leo ningekuwa na hadithi nyingine ya kuwasimulia.

Lakini Amparo alitoka na kahawa yake, akasimama mlangoni. Nikaona nisipoongea atanisahau.

"Kijana, angalia hiyo kona!" nikasema.

Evelio ni mkubwa kwangu kwa umri. Akaangalia kona. Akanikonyeza.

"Kijana, usilowanishe sana!"

Safari hii hakunikonyeza.

Amparo akatabasamu. Tabasamu lile ndilo lililoniua. Nikamsogelea, mikono kiunoni, nikasema kwa sauti ya kusikika mtaa mzima:

"Vibarua wa siku hizi, Amparo, hawana akili. Ukigeuka kidogo tu, wameshaharibu."

Evelio akasimama. Akaulaza mwiko wake pembeni taratibu, kama analaza mtoto mchanga.

"Bosi, naomba ruhusa nikanywe kahawa."

"Kahawa iko jikoni, kijana."

"Ninayoitaka mimi iko Fresno."

Akavua glavu. Akapita getini, ambako Amparo alikwenda kumfungulia mnyororo, akamwambia maneno mawili matatu, naye akaitikia kwa kichwa. Nilidhani anaaga. Kisha nikasikia gari lake linawaka, nikacheka, nikijua anatania.

Hakuwa anatania.

Lorna, aliyekuwa anaosha mfereji wa lori lake, alizima mpira wa maji.

"Mkubwa, kibarua wako ameondoka."

"Nimeona."

"Ameondoka na mihuri."

Nikageuka. Evelio alikuwa ameshusha mihuri minne tu. Mingine yote ilikuwa nyuma ya gari lake, njiani kwenda Fresno kunywa kahawa.

"Na zege linakauka," Lorna akaongeza.

"Najua."

"Unajua nini kingine?"

"Basi, hapo ndipo ujuzi wangu unapoishia."

Lorna alicheka mpaka vibandiko vikatikisika. Kisha akavaa glavu.

"Kazi yangu mimi ni kumwaga na kuondoka. Lakini nikiondoka sasa, nitakosa sehemu tamu. Lete huo muhuri wa kwanza."

* * *

Muhuri wenyewe ni mkeka mzito wa mpira, una mawe upande wa chini na vishikio upande wa juu. Unaupaka unga wa kuzuia usinate, unaulaza juu ya zege, unapanda juu yake, unaugonga kwa chuma cha kushindilia. Unaunyanyua. Hayo nilikuwa nimewahi kuyaona siku moja nilipoamka garini kwa bahati mbaya.

Nikabonyeza zege kwa kidole. Kidole kiliacha alama na hakikunata. Tukalaza muhuri karibu na mlango wa jikoni, nikapanda, nikagonga. Tukaunyanyua.

Jamani! Mawe! Mawe kabisa, na mashimo yake na mifereji yake, utadhani yamekanyagwa na mababu. Nilipiga kelele kama kuku aliyetaga. Amparo akaweka mkono mdomoni.

"Sasa mwingine, upesi!" Lorna akasema.

Kwa furaha, mstari wa pili nilisahau unga. Tulipounyanyua muhuri, uliondoka na ngozi ya zege, kama chapati iliyoshika kikaangoni. Nikabandika kwa kiganja. Kiganja changu kipo pale mpaka leo, na wageni huuliza ni jiwe gani lile lenye vidole.

Mstari wa tatu ulikwenda mshazari. Wa nne ukaufuata wa tatu, ukapotea nao. Na jua likapanda. Jua la Julai, Selma, ambalo huchukua zabibu mbichi na kuifanya bibi kizee. Zege likaanza kukaza mbele ya macho yetu.

"Gonga!" Lorna akasema.

"Nagonga!"

"Gonga kama mtu aliyekula!"

Amparo akatupa kikombe kando, akavaa mabuti ya marehemu mumewe, akaja kwenye mihuri na kuanza kuruka. Lorna naye akaruka. Mimi nikaruka. Aliporuka Lorna, jiwe lilionekana. Aliporuka Amparo, lilionekana nusu. Niliporuka mimi, zege halikushtuka.

Don Cuco akatoka jikoni akakuta watu wazima watatu wanaruka juu ya mikeka, wanahema, jasho linawatiririka.

"Leo ni sikukuu ya mtakatifu gani?" akauliza.

Tukaendelea kuruka.

Tulipoacha, hatukuacha kwa sababu tumemaliza. Karibu na nyumba palikuwa na mawe mazuri. Katikati mawe yalikuwa hafifu, kama picha iliyofifishwa na jua. Kuelekea kwenye uzio hapakuwa na mawe kabisa. Palikuwa laini kama upara.

Niliketi juu ya ndoo. Nikajifuta uso, nikasema ni jasho.

"Fundi," Lorna akaniambia akipanda lori lake, "nimemwaga zege kuanzia Bakersfield mpaka Stockton. Sijawahi kuona mawe yanayokata roho taratibu namna hii."

* * *

Evelio alirudi kesho yake na msumeno wa zege. Akasimama ukingoni mwa kazi yangu, akavua kofia.

"Nani amekufa?" nikamwuliza.

"Ufundi," akasema.

Nikamwomba radhi. Niliomba kwa maneno mengi, na la msingi lilikuwa kwamba mimi ni punda. Akalikubali hilo bila ubishi. Kisha akaosha unga uliobaki, akachora mistari mirefu kwa msumeno.

"Zege lazima lipasuke, Wences. Hizi ndizo njia za kupasukia, ili nyufa zisionekane. Ningeweza kukuchorea na wewe, ningekuchorea."

Sakafu ilipokauka tukaipaka mafuta ya kuilinda, nayo ikang'aa. Aibu yangu yote ikang'aa pamoja nayo.

"Tuivunje tuanze upya," nikamwambia Amparo.

"Acha kwanza mzee aione."

Akamleta baba yake, amemshika mkono. Kofia, koti, fimbo. Don Cuco akakanyaga jiwe la kwanza, akaligonga kwa fimbo. Akakanyaga la pili. Mimi na Evelio tulisimama kando kama wanafunzi nje ya ofisi ya mwalimu mkuu.

Akaendelea taratibu. Akafika palipo na kiganja changu, akakitazama sana. Akafika kwenye ile mistari ya mshazari. Akafika pale mawe yanapofifia, kisha pale yanapokwisha, akasimama. Mabega yake yakaanza kutikisika. Amparo akakimbia akidhani analia.

Alikuwa anacheka.

"Nimeshajua niko wapi!" akasema.

"Wapi, baba?"

"Tepozán ya Chini!"

Amparo akafumba macho.

Kwa msiojua, na mimi nilikuwa sijui, Tepozán ya Chini ni kijiji cha jirani, na watu wa Juu na wa Chini hawajawahi kukubaliana hata juu ya hali ya hewa. Don Cuco akatuvuta karibu, akapunguza sauti.

"Msiseme nimesema, wenyeji watasikia vibaya. Lakini huu uwanja wao haukuisha. Mwenyekiti wao alikula hela za mawe. Alianza vizuri pale kanisani, alipofika hapa mfuko ukawa mtupu. Sisi kule Juu tulicheka mwaka mzima." Akaionyesha mistari ya mshazari kwa fimbo. "Na fundi wao alikuwa mlevi."

Evelio na Amparo wakanigeukia.

"Inaonekana hivyo, mzee," nikasema.

"Sasa basi la kurudi Juu linapita wapi?"

Uongo kwangu ni kama chafya, hunitoka kabla sijatafuta kitambaa.

"Linapita hapa hapa, mzee. Wewe keti. Usitoke getini, lisije likakukosa."

Don Cuco akaketi kwenye benchi la ukutani, akaweka fimbo katikati ya magoti. Hakuligusa geti siku hiyo. Wala kesho yake. Amparo akautoa mnyororo, nasi tukachungulia dirishani tumeshikana mikono kwa woga. Mzee aliliona geti liko wazi, akalitazama, akabaki pale pale. Mtu anayesubiri basi hatoki kituoni.

Nélida alipiga simu kutoka Sacramento.

"Ametoroka tena?"

"Hajatoka hata kidogo," Amparo akasema. "Anasubiri basi."

"Basi gani?"

"Ukija utaliona."

Siku hiyo Amparo alinipikia maharage, nyama ya nguruwe na pilipili. Dhamiri ikanisumbua kabla ya kijiko cha kwanza, jambo ambalo halijawahi kunitokea maishani.

"Amparo, mimi si fundi."

"Najua. Evelio aliniambia pale getini."

"Ulijua, halafu ukaja kuruka na sisi?"

"Zege lilikuwa limeshamwagwa. Nifanyeje, niketi nilie kama wewe?"

"Sikulia."

"Lorna alikuona. Kula."

Nikala. Ningeweza kuikatia hadithi hapo, nikiwa mezani, mama ananitazama, uongo wangu wote umegeuka heri. Lakini hiyo ingekuwa hadithi ya mtu mwingine.

* * *

Don Cuco aliacha kula.

Hakuwa mgonjwa. Alikuwa mgeni, na kibaya zaidi, mgeni wa Tepozán ya Chini. Amparo alimpelekea sahani kwenye benchi, naye akavua kofia kwa heshima.

"Asante, mama. Nitakula nyumbani. Basi liko njiani."

Kitanda nacho akakikataa. Hawezi kulala kwa watu, akasema, kule Juu watamsema. Alisinzia ameketi, koti limefungwa mpaka shingoni. Asubuhi tulimkuta pale pale, miguu imevimba, anatuuliza kama limepita. Tulimbembeleza, tukamwekea tortila za moto, zile chapati za mahindi za kwao, chini ya pua. Alikunywa maji tu, kidogo, kama mtu asiyetaka kuwa mzigo.

Shavu lake likaanza kuingia ndani.

Amparo alinifuata kwenye gari langu, nilipokuwa napakia mbao zilizobaki. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga.

"Umemfunga baba yangu kwenye kituo cha basi, Wences."

"Nilitaka asitoke tu."

"Ametulia kweli. Anatulia mpaka anakwisha."

Nikaitazama sakafu, nikamtazama mzee, nikalitazama gari langu. Ni pikapu kuukuu, lakini ina viti vitatu mbele.

"Basi tumletee basi," nikasema.

"Unasema nini?"

"Nampakia hapa. Nazunguka mtaa. Namshusha mlango wa mbele, ambao siku hizi hautumii. Wewe uwe umeshaandaa meza. Namwambia, mzee, Tepozán ya Juu hiyo, umefika. Akiwa kwake atakula."

Amparo alinitazama. Nilijua anahesabu nimeshamdanganya baba yake mara ngapi.

"Jaribu," akasema.

Nikarudisha gari nyuma mpaka kwenye mawe, kwenye sehemu nzuri, ile ya mwanzo. Nikapiga honi. Don Cuco akainuka kwa shida.

"Linakwenda Juu?"

"Juu moja kwa moja, mzee. Panda."

Nilimsukuma mpaka akakaa. Alikuwa mwepesi, kama nimeinua koti tupu. Nikawasha gari. Akanishika mkono.

"Ngoja, kijana. Binti yangu bado."

"Binti yupo, mzee. Yule aliyekuletea chakula."

"Yule ni mama mwenye nyumba, mtu mwema sana. Mimi nasema binti yangu." Akashusha kioo, akatoa kichwa nje, akaita kwa sauti ambayo sikujua kama bado anayo: "Amparo! Amparo, mwanangu, tutaachwa!"

Miezi mingi alikuwa hajalitamka jina hilo. Alimwita mama, alimwita bibi, siku moja alimwita muuguzi.

Amparo alitoka mbio, kitambaa cha jikoni begani, unga mikononi. Akasimama kwenye mawe. Don Cuco alimtazama, akamtambua. Niliona anavyomtambua, na mimi ni mtu ambaye huwa sioni kitu.

"Panda, mama yako anatusubiri," akamwambia. "Mbona umechafuka hivyo?"

Akapanda. Hakuniangalia. Mzee akasogea katikati, akachukua kitambaa begani mwa bintiye, akaanza kumfuta unga vidoleni, kidole kimoja kimoja, anamweleza nani atakuwa uwanjani jioni, na nani amwamkie kwanza.

Nikaendesha polepole kuliko gari la maziko. Tukafika kwenye makutano ya mwisho wa mtaa. Kushoto ni kuzunguka, turudi mlango wa mbele, mezani, kama tulivyopanga. Kulia ni barabara kuu ya kusini. Hiyo ukiishika hukutani na nyumba ya Amparo tena, unakutana na mpaka wa Mexico.

"Amparo," nikanong'ona, "kushoto, sivyo?"

Machozi yalikuwa yanamtiririka Amparo, naye anamwitikia baba yake, ndiyo baba, nitamwamkia, ndiyo baba.

Nyuma yetu gari lilipiga honi. Likapiga tena.

"Kijana, umelala?" Don Cuco akasema. "Twende."

Amparo alipitisha mkono mbele ya baba yake, akaufikisha kwenye usukani wangu, akawasha taa ya kulia.